Jumanne napanda kizimbani

Najua nimepotea muda mrefu, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nipo nyumbani Maramba tangu wiki iliyopita, najiandaa kwenda kutetea utafiti wangu. Jumanne ijayo saa tatu asubuhi nasimama mbele ya jopo la watahini watatu. Napewa dakika 15 za kuwasilisha, halafu wao wanauliza mpaka watosheke. Chumba chenyewe hosteli tumeshakibatiza jina, tunakiita kizimbani.

Kwa wasioijua Maramba (ingawa wengi wenu mliopelekwa JKT kwa mujibu wa sheria mnaijua kambi yetu na mchakamchaka wake), tupo wilaya ya Mkinga, ile iliyokatwa kutoka Muheza mwaka 2007. Ukitoka Tanga mjini unafika Mabokweni, unaiacha barabara ya Horohoro iende zake Kenya, unakata kushoto, kisha milima ya Usambara Mashariki inaanza kukusogelea. Ukikaa sokoni asubuhi moja tu unasikia Kidigo, Kisambaa, Kibondei na Kiswahili, wakati mwingine vyote kwenye bei ya fungu moja la nyanya. Na ukisogea Daluni na Bwiti huko chini ya milima, unakuta Kidaiso. Hiki ndicho kinachonishangaza mpaka leo, maana ndugu zake wa karibu ni Kikamba na Kikuyu, wako mbali kabisa Kenya ya kati, na chenyewe kimekaa hapa kwetu kati ya Wadigo na Wasambaa. Derek Nurse, yule mtaalamu wa isimu, ana kitabu cha mwaka 2000 kinachokichambua pamoja na Kiilwana cha Kenya. Bibi yangu mzaa baba ni Mdaiso wa Daluni aliyeolewa na Mdigo. Baba kakua na Kidigo. Mimi Kidigo naongea, Kidaiso nasikia kwa kudokoadokoa. Wadogo zangu ni Kiswahili tu.

Kwa hiyo mtahini akiniuliza "kwa nini Maramba?" jibu ninalo, ila sitaanza kumsimulia habari za ukoo wetu.

Utafiti wangu unahusu lugha wanazotumia watoto wa darasa la pili nyumbani na shuleni. Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikashuka kwa afisa elimu, ikashuka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaisoma, akaniangalia, akasema "karibu mwanangu, wewe si ndiye mtoto wa fulani?" Nikaanza kazi.

Sasa maandalizi. Siku nne za mwanzo nilipiga msuli kama tulivyozoea pale kimbwetani, yaani kumeza. Nina kurasa 58 zilizobaindiwa, na nilitaka nizijue kama sala. Sura ya pili, kiunzi cha nadharia: Joshua Fishman, mwaka 1965, aliuliza nani anazungumza lugha gani, na nani, na wakati gani. Sura ya tatu, sampuli, mbinu za kukusanya data. Narudia mbele ya kioo cha kabati, kwa Kiingereza maana kazi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. (Nyie wa idara ya Kiswahili mnaoandika na kutetea kwa Kiswahili, acheni kutucheka, mna raha zenu.) Mdogo wangu ananishikia saa. Dakika 15 zinaisha bado niko sura ya pili, namzungusha Fishman!

Jioni ya siku ya tano bibi alikuwa uani anakuna nazi. Akaniita.

"Mume wangu, hebu njoo. Huko Jumanne unakwenda kushitakiwa nini?"

"Sishitakiwi bibi. Nakwenda kuwaeleza walimu nilichokitafiti."

"Haya, nieleze mimi."

Nikaanza na Fishman. Akanyanyua mkono wenye nazi. "Huyo Mzungu mwache kwanza. Watoto uliwauliza nini?"

"Niliwauliza nyumbani wanaongea lugha gani."

"Wakasema?"

"Karibu wote wakasema Kiswahili."

Bibi akacheka mpaka akaiweka mbuzi pembeni. "Uliwauliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Darasani? Na hilo shati lako la kuchomekea?"

"Ndiyo bibi."

"Sasa ulitaka wakujibu nini?"

Jamani. Bibi hajakaa darasani hata siku moja. Lakini swali hilo ndilo lililompa William Labov jina kubwa duniani. Mwaka 1972 aliandika kwamba mtafiti wa lugha anataka kujua watu wanavyoongea wakati hakuna anayewachunguza, na njia ya kujua ni kuwachunguza. Yeye mwenyewe, New York mwaka 1962, alikuwa anaingia madukani kama mteja, anawauliza wauzaji kitu ambacho jibu lake ni "ghorofa ya nne", ili tu asikie wanavyoitamka. Wale wauzaji hawakujua kama wamo kwenye utafiti.

Nikamwambia bibi ndiyo maana sikuishia darasani. Nilikaa wiki tatu chini ya mwembe wakati wa mapumziko, na daftari langu, mpaka watoto wakanizoea wakaniona kama shina la pili. Nikamsimulia kuhusu mtoto mmoja. Darasani nikimuuliza kitu ananyamaza, akijibu anajibu neno moja. Wenzake wanasema "huyo mzito". Mapumziko yakifika, huyo huyo ndiye mwamuzi wa rede! Anahesabu, anagomba, anaamua nani katoka na kwa nini, anakumbuka mchezo wa juzi ulivyoishia, na yote hayo kwa Kidigo. Hesabu ile ile iliyomshinda ubaoni saa mbili asubuhi, saa nne anaifanya mbio, mpira ukiwa hewani.

Bibi akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Basi anzia hapo," akarudi kwenye nazi yake.

Usiku ule nikafumua slaidi zote. Kazi iliyobaindiwa haiguswi, lakini namna ya kuisema ni mali yangu. Nilichokuwa nacho kiko kwenye jedwali la sura ya nne: safu moja watoto walivyojibu darasani, safu ya pili nilivyowasikia mwembeni. Safu hizi hazifanani. Nilikuwa nimepanga kulipita jedwali hilo haraka, kwa kuwa najua mtahini yeyote akiliona atasema data zako zinapingana. Sasa ndiyo slaidi ya kwanza. Kupingana kwenyewe ndiyo matokeo yangu. Mtoto anapomwambia mwalimu "naongea Kiswahili", hadanganyi. Anajibu anavyodhani shule inataka. Lakini mwalimu akilichukua jibu hilo lilivyo, basi asiyeelewa Kiswahili cha ubaoni anaonekana haelewi kitu chochote. Mtaala wa KKK ulioanza mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili ulitaka mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Nikiwa mwembeni nilimwona anayejua kuhesabu.

Fishman nimembakizia sekunde 40. Akiniona atanisamehe.

Swali ninalolisubiri zaidi ni hili: "Kwa hiyo unataka kila mtoto afundishwe kwa kabila lake? Unaturudisha nyuma?" Na ni swali la haki. Kiswahili kimetuunganisha, UNESCO wenyewe mwaka 2021 wakakipa siku yake, Julai 7. Mimi nakwenda kuwa mwalimu wa Kiswahili na nakipenda. Jibu langu ni fupi: darasa lile lina watoto wa lugha nne na mwalimu mmoja, siwezi kupendekeza vitabu vinne. Napendekeza mwalimu wa darasa la kwanza ajue mtoto amekuja na lugha gani kabla hajamwita mzito. Basi. Wakitaka kunibana zaidi wanibane.

Nimelijaribu jibu hilo kwa Kiswahili, mbele ya bibi, mara sita. Halafu ndipo nalisema kwa Kiingereza. Ajabu, Kiingereza chenyewe kimekuwa kifupi, hakina tena yale maneno marefu ya kujificha. Supavaiza wangu nilimpigia jana nikamsomea, akasema "hiyo nimeielewa", na huyu ni mtu ambaye kwa kawaida anasema "rekebisha".

Kuna kitu kimoja hakimo kwenye kurasa 58 na sitakisema Jumanne. Jana mchana bibi alikuwa kwenye simu na dada yake wa Daluni, karibu saa nzima, Kidaiso kitupu, anacheka kama msichana. Alipokata akaniona nimesimama mlangoni. Nikamwuliza walikuwa wanacheka nini. Akafikiri, akajaribu kuanza kunieleza kwa Kiswahili, akaacha. Akasema, "Kwa Kiswahili haichekeshi." Akaingia ndani.

Kesho alfajiri nadaka basi la Tanga, nikifika mjini naunganisha. Mliopo hosteli mniwekee nafasi steshenari Jumatatu, nina kurasa chache za kutoa kopi, na kama kuna mwenye tai nyeusi isiyo na doa la chipsi aniazime. Bumu likitoka nitamnunulia soda. Tuombeane.