Mvua ya Alfajiri na Uwanja wa Idi

Mgeni atokaye Dar es Salaam huingia Bukoba na shati jepesi, na usiku wa kwanza huomba blanketi. Mji huu uko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya ubaridi wa wastani mwaka mzima. Hata hivyo, kinachotutawala si baridi bali mvua, na hasa saa inayonyesha.

Kwingi nchini mvua hujikusanya mchana, jua likisha kuichoma ardhi. Kwetu huja alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria; upepo huvuma kutoka bara kuelekea ziwani, ukakutana huko na upepo wa mashariki. Hapo mawingu hupanda na radi hupiga juu ya maji, na kunapokaribia kupambazuka mawingu hayo husukumwa hadi kwenye miinuko iliyo nyuma ya mji. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Karagwe, magharibi yetu, hupata karibu nusu yake. Kilele ni Aprili. Mara nyingi ikifika saa nne jua limekwisha toka, na aliyelala hadi saa hiyo hushangaa kuwaona wenziwe wameanika kanzu.

Idi moja ya Fitri iliangukia Aprili, na kamati yetu ikashikilia kuswali uwanjani kama ada. Wazee wawili walituonya tangu usiku, wakituonyesha radi iliyokuwa ikimulika upande wa ziwa. Tuliwajibu kwamba turubai zimekwisha kukodiwa. Mvua ilishuka katika rakaa ya pili. Wanaume tulikuwa chini ya turubai. Safu za kina mama na watoto, tulizozipanga ukingoni, hazikuwa na kitu juu yao. Baada ya hotuba mama mmoja alitujia, mwanawe amemfunika kwa khanga iliyolowa, akasema, "Ustadhi, mwakani tutaswali nyumbani." Mwaka uliofuata hakuonekana.

Alasiri ya siku ile tulikwenda Muleba kuwazuru wakwe. Kupitia Kemondo na Muhutwe migomba ilikuwa bado ikichuruzika, na mitaro imejaa maji mekundu. Tulipoupita mji wa Muleba na kuliacha ziwa mgongoni, tukielekea upande wa Burigi, barabara ilianza kutoa vumbi. Jamaa waliotupokea walikuwa wameswali uwanjani, na kanzu zao zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka sandukuni. Mwenyeji wetu alizitazama zetu akacheka: "Nyinyi mwakaa mdomoni mwa ziwa, kisha mwaswali kama watu wa Burigi!"

Maneno hayo tuliyachukua kikaoni. Wakati wa swala ya Idi huendelea hadi jua linapokaribia kupinduka, na Fitri yapendekezwa kucheleweshwa kidogo ili watu wamalize kutoa zaka. Basi siku hizi, Fitri ikiangukia masika, twaanza saa tatu badala ya saa moja na nusu. Na radi ikimulika ziwani usiku wa kuamkia Idi, twaswali msikitini, mvua ikiwa ni udhuru unaojulikana.

Lakini Idi ya Adh-ha hutanguliwa mapema, kwa ajili ya kuchinja. Kwa miaka kadhaa ilituangukia Juni na Julai, wakati wa kiangazi, nasi hatukuwa na la kuhangaikia. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na kwa hesabu hiyo Adh-ha inaingia Mei kuanzia 2026 hadi 2028, kisha Aprili yenyewe. Kamati imegawanyika. Wako wasemao tuswali msikitini moja kwa moja hadi masika yaishe kutupita. Wako wasemao uwanja usiachwe, turubai ziongezwe, na kina mama wafunikwe kwanza.

Tumemwendea yule mama kumtaka shauri. Amesema atajibu siku ya Idi yenyewe, akisha kuona turubai zimefungwa upande gani.