Linda Nyumba, Lakini Usiache Mbele Patupu

Ndugu msomaji, yako mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kujilinda na kuogopa. Mtu akiweka akiba huitwa bahili. Timu ya mpira ikiimarisha ulinzi huambiwa imekuja kutafuta sare. Na mchezaji wa bao asiye na pupa ya kula kete hudhihakiwa na watazamaji, wakamwuliza kama amekuja kucheza au kuota jua. Nimekaa miaka mingi katika mabaraza ya Ujiji na Mwanga, mara nikicheza, mara nikitazama, na leo napenda kukueleza kwa nini sikubaliani na dhihaka hiyo.

Hapa kwetu Kigoma bao lina majira yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hukosa nguvu ya kuwakusanya. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzika ufukweni Kibirizi na Ujiji, nyavu hushonwa, na mabao hutolewa chini ya miembe. Mchezo huu una ndugu zake katika nchi za jirani. Waganda wana omweso na Wanyarwanda wana igisoro, yote ikiwa na mashimo 32 na kete 64 kama bao letu, ingawa sheria zatofautiana. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alifahamika kwa kulipenda bao. Basi mtu asidhani kwamba tunazungumza juu ya mchezo wa wavivu.

Kwa msomaji asiyelijua bao la Kiswahili, nitaeleza kwa ufupi. Ubao una safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Mwanzoni huweka kete 6 katika nyumba, yaani lile shimo la mraba lililo katika safu yake ya mbele, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Kete 22 zinazosalia hukaa ghalani, naye huziingiza ubaoni moja moja, kila zamu kete moja. Hiyo ndiyo awamu ya kunamua. Ghala likiisha huanza awamu ya mtaji, ambapo mtu hucheza kwa zile kete zilizomo ubaoni tu. Anayemalizwa safu yake ya mbele ameshindwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Mchezaji wa bao huchagua shimo la kuanzia na upande wa kuelekea. Baada ya hapo kete zenyewe ndizo zinazoamua. Ya mwisho ikiangukia katika shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia katika shimo lenye kete, safari huendelea: ama atakula zilizo mkabala wake kwa mpinzani na kuzisambaza kuanzia kichwani, ama atazoa zake mwenyewe na kusonga mbele. Safari moja yaweza kuzunguka ubao mara kadhaa na kubadilisha kila kitu, wala mchezaji hana ruhusa ya kusema, "Basi, inatosha." Ndiyo maana bingwa huonekana ametulia muda mrefu kabla ya kugusa kete. Anaicheza safari yote kwa macho, maana akishaianza hawezi kuirudisha. Ulinzi wa bao, kwa hiyo, hupangwa kabla ya mkono kuachia.

Wazee walionifundisha walinihimiza kuangalia mambo matatu.

La kwanza ni nyumba. Maadamu haijatembezwa, kete ya mwisho ikitua ndani yake mchezaji hupewa hiari: alale hapo, au azizoe zote na kuendelea na safari. Ni mahali pa pekee ubaoni ambapo mtu huulizwa anataka nini. Akishaitembeza, hiari ile imekwisha, na shimo lile huwa shimo kama mashimo mengine. Vijana huona kete zimejaa nyumbani wakawashwa mikono. Mzee huziacha, huku akilichunga lile shimo la mpinzani linaloikabili nyumba, kwa kuwa mpinzani akifika pale na kula, zinakwenda zote kwa mara moja.

La pili ni safu ya nyuma. Kete zilizo nyuma haziliwi. Hapo ndipo mwoga hujidanganya, akazirundika zote nyuma na kujiona salama. Lakini sheria haina huruma: safu ya mbele ikiwa tupu umeshindwa, hata kama nyuma una kete 30. Tena shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha safari ya kula katika awamu ya mtaji. Utajiri uliorundikwa mno hugeuka mzigo. Mlinzi wa kweli hubakiza kete chache mbele kila wakati, akijua kwamba baadhi yake zitaliwa.

La tatu ni kwamba katika bao kula ni lazima. Mwenye nafasi ya kula hawezi kuikataa. Mlinzi hodari hulitumia sharti hilo kama chambo. Humwachia mpinzani kete mbili mahali pamoja tu, na kwa kuwa hana pengine pa kula, mpinzani hulazimika kuzichukua na kuzisambaza, pengine akajaza yale mashimo ambayo mwenzake alikuwa akiyangoja. Aliyepoteza mbili amekula saba. Je, huyo ni mwoga?

Nilidhani hekima hiyo ni ya wazee wa miembeni peke yao, mpaka mjukuu wangu aliponionyesha mchezo alio nao katika simu. Michezo ya namna hiyo ilivuma duniani mwaka 2019, kwanza ule uitwao Dota Auto Chess uliotoka China, kisha Teamfight Tactics wa kampuni ya Riot Games ya Marekani. Wachezaji wanane hushindana. Kila mmoja hununua askari kwa sarafu na kuwapanga uwanjani, na vita vikianza huondoa mkono. Askari hupigana wenyewe, naye hutazama tu. Kijana wetu hupenda kikosi cha kujilinda: wenye miili migumu huwaweka mbele wapokee mapigo, wapigaji wa mbali huwaficha nyuma, na huwatafuta askari wa ukoo mmoja, kwa sababu wakiwa pamoja huongezewa ngao. Sarafu nazo zina faida: katika mchezo huo wa pili, kila 10 unazoziweka huzaa 1 kwa kila raundi, mpaka kufikia 5. Nikamwuliza, "Basi kwa nini usiweke zote?" Akanijibu, "Babu, ukiweka zote huna askari. Unapigwa kila raundi, na ukifika wakati wa kuzitumia umeshakufa." Nilimtazama kijana yule, na kwa hakika nilijiona nimeketi na mzee wa Ujiji. Safu ya mbele tupu ni kushindwa, iwe kwa kete au kwa sarafu.

Ningeishia hapo kama jambo hili lingekuwa la mchezo tu. Lakini mwaka 2024 lilitufika majumbani. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka huo, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Sababu yake ilieleweka, kwani kila mvuvi mwenye umri wa kutosha anakumbuka mavuno ya zamani. Hata hivyo, miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kutokana na kilichovuliwa jana usiku.

Mpwa wangu ana mtumbwi mmoja, injini moja, nyavu na taa zake. Ana mke na watoto watatu, na mkubwa yumo kidato cha pili. Katikati ya Juni alinijia barazani, tukaweka bao katikati yetu. Alikuwa na shauri: auze injini, kwa fedha zile anunue vitenge vya Kongo, avipakie katika treni na kwenda kuviuza Tabora.

"Mjomba," aliniambia, "injini iliyolala ni chuma tu."

"Na nyumba iliyolala ubaoni ni nini?" nilimwuliza.

Alicheka. Zamu yake ilipofika, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake. Akanitazama usoni, akaizoa nyumba yote na kuitembeza. Ilizunguka, ikala mara tatu, ikanimaliza mbele. Vijana waliokuwa wakitazama walipiga kelele hata wapita njia wakasimama. Nami nakueleza jambo hili, ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba nakuuzia dawa ya kushinda. Kuitembeza nyumba kuna siku kunaleta ushindi, na mpwa wangu aliondoka pale akiamini kwamba bao limemkatia shauri.

Aliyemrudisha kwenye hesabu hakuwa mimi. Ni mkewe. Jioni ile nilikuwa mgeni wao, na mama yule alinitengea chakula kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba amefungwa ubaoni, lakini mimi bado sijafungwa." Akatueleza yale ambayo mumewe aliyajua nusu nusu. Tangu Machi, kila walipouza dagaa, alikuwa akitenga kidogo na kukausha vizuri, hata akafikisha magunia mawili yaliyosimama chumbani. Alikuwa na hisa zake katika kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kila asubuhi alikaanga maandazi, na faida yake ilitosha unga na mafuta ya taa. Mpaka tarehe 15 Agosti zilikuwa zimebaki siku zipatazo 60. Alizihesabu zote, siku kwa siku, mbele yetu.

"Ukiuza injini," alimwambia mumewe, "vitenge vikikwama Tabora, Agosti utarudi ziwani na nini? Utapiga makasia?"

Mpwa wangu alijibu kwa uchungu kwamba hawezi kukaa miezi mitatu akilishwa kwa maandazi. Ndugu msomaji, jibu hilo tusilicheke. Mwanamume aliyezoea kuleta kitu nyumbani alfajiri hudhoofika moyo anapoamka mikono mitupu, na mara nyingi uamuzi mbaya hutokana na aibu kuliko njaa. Mkewe alilielewa hilo. Hakumwambia akae. Alimpa gunia moja la dagaa alipeleke Tabora, kwa kuwa bei yake ilikuwa imepanda, na kwa mapato yake anunue bidhaa chache za kuuza huku. Gunia la pili lilibaki chumbani, na injini ilibaki imefunikwa turubai.

Safari ile ilileta faida ndogo: chakula cha majuma machache, madaftari, na viatu vya mtoto mmoja. Wala sitasema kwamba kila aliyeuza injini aliangamia. Jirani yetu mmoja aliuza, akafungua duka, na duka linakwenda. Mwingine aliuza, na ziwa lilipofunguliwa alirudi kuvua akiwa kibarua katika mtumbwi wa mwenzake. Mpwa wangu aliingia ziwani kwa injini yake mwenyewe, akiwa na deni dogo.

Tazama basi jinsi mama yule alivyolipanga bao lake. Nyumba hakuitembeza. Ghala hakulimaliza kwa siku moja. Na mbele hakupaacha patupu: alitoa gunia moja, akijua kwamba lingeweza kupotea, na hasara yake wangeweza kuistahimili. Zaidi ya yote, alianza kupanga tangu Machi, wakati taa bado zilikuwa zikiwaka ziwani na wengine tulikuwa tukisema tutaona mbele ya safari.

Wewe usomaye maneno haya yamkini huna mtumbwi. Unafanya kazi kiwandani, bandarini, ofisini au sokoni. Lakini nyumba unayo: cherehani kama u fundi, pikipiki kama unabeba abiria, ujuzi wako, afya yako, au kiwanja ulichokipata kwa taabu. Hicho usikitoe kwa sababu umeona mikono imekaa bure. Kadhalika, usifungie kila senti ukamnyima mtoto ada kwa jina la akiba, kwa maana hilo ni kurundika nyuma na kuacha mbele patupu.

Nashauri jambo moja jepesi. Kabla ya msimu wa taabu, si ndani yake, mume na mke wakae pamoja jioni moja, wataje kwa sauti nyumba yao ni ipi, ghalani mna kiasi gani, na ni kete gani wako tayari kuliwa. Watoto wakubwa wawepo wasikilize. Mkikuta kwamba mmoja wenu alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu kimya kimya, mpeni heshima yake, na hesabu hiyo iwe ya nyumba nzima.