Vidole Viwili vya Babu

Mhadhiri wetu alitupa kazi ya likizo: kila mmoja akusanye maneno ishirini ya kazi ya zamani kutoka kwa mzee wa kwao. Nilirudi Kamembe, nikamwendea babu. Nilijua kwamba ujanani alikuwa mwindaji pembezoni mwa Nyungwe. Nilijua pia kwamba mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Nyumbani tuliambiwa ni mashine ya kumenya kahawa.

Maneno yalikuja kwa urahisi. Silaha yake ilikuwa gobori la kushindiliwa mdomoni, lenye jiwe la gumegume linalogonga chuma na kutoa cheche. Kasiba ni mwanzi wa chuma. Mdeki ni ufito wa kushindilia baruti. Bunduki za namna hii zilienea bara pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na baadaye wahunzi wakaziiga kwa mabomba.

"Na risasi mlipata wapi, babu?"

Akacheka. Risasi zilipowaishia, yeye na kaka yake walifanya majaribio kwenye shina la mkaratusi, hatua thelathini. Kwanza walipiga tufe la mwisho la risasi, limefungwa kitambaa ili likae sawasawa ndani ya kasiba. Lilikwenda moja kwa moja. Changarawe zilitawanyika, mbili tatu tu zikagusa gome. Kipande cha nondo kilipinduka hewani, kikaingia ubavu.

"Mti haukimbii, mjukuu wangu," alisema. "Mnyama ukimpiga hivyo anakimbia na chuma chake, anakwenda kufa mbali, polepole. Wewe unarudi mikono mitupu na kesho unapiga mwingine."

Nilikuwa nimesoma kwamba nyati wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1974, na tembo wa mwisho mwaka 1999. Baada ya kusikia habari ya nondo, tarehe hizo sizisomi tena kama zamani.

Kisha akanyamaza kitambo. Jaribio la nne lilikuwa nondo tena, na hiyo ilikwama katikati ya kasiba. Mdeki ulikataa kuifikisha kwenye baruti. Babu aliona haya kusema, akafyatua. Kasiba ikapasuka. Yeye alipoteza vidole viwili. Kaka yake, aliyesimama kushoto kwake, alipoteza jicho.

"Anadhani chuma kilikuwa kibovu," babu alisema. "Mimi nilijua imekwama."

Kaka yake yuko hai, anakaa Bukavu, ng'ambo ya mto tu. Nilimwambia babu kwamba sitaandika habari hii mpaka mwenyewe aseme nayo. Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza hadi mpakani, akavuka daraja peke yake na fimbo yake.

Alirudi jioni. Sikumuuliza kitu. Alikaa, akaomba chai, akasema, "Sasa andika."