Nasaha kwa Mpwa Wangu Anayetengeneza Jalada



Waraka wako umenifikia pamoja na mswada wa kitabu kinachosimulia maisha ya Nathanael Herreshoff, msanifu wa yoti wa mji wa Bristol, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1848 na kufariki mwaka 1938. Nami nimeusoma wote kwa utulivu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu mtu aliyeishi na kazi ya majalada katika matbaa hana haki ya kunena juu ya uso wa kitabu ambacho hajalijua tumbo lake. Umeniomba shauri, na shauri langu ni hili.

Naona moyo wako umeelekea picha ya Reliance, yoti aliyoisanifu yeye, iliyoishinda Shamrock III ya mshindani Sir Thomas Lipton katika mwaka 1903 na kulihifadhi Kombe la Amerika la mashindano ya yoti. Sikulaumu, maana chombo kile kilistahiki kutazamwa: tangu ncha ya dasturi yake mpaka ncha ya mti wa chini wa tanga kuu kilifikia urefu wa futi 201, na matanga yake yalitandaa kiasi cha futi za mraba 16,000. Tena kitabu husimama wima, na tanga husimama wima, kwa hiyo viwili hivyo hukubaliana upesi, ilhali chombo chenyewe hulala. Na hii ndiyo sababu majalada mengi ya vitabu vya yoti yamejaa matanga na mbingu, hata ukiyapanga mezani huwezi kutambua lipi lamhusu nahodha, lipi lamhusu tajiri aliyegharimia, na lipi lamhusu msanifu. Kitabu chako chamhusu msanifu, na kazi ya msanifu, ingawa matanga pia ni yake, imo zaidi katika sehemu ile inayozama, ambayo watazamaji walio pwani hawaioni kabisa.

Zingatia jinsi mtu huyu alivyofanya kazi. Hakuanza kwa kuchora umbo la chombo karatasini, kama walivyofanya wasanifu wengi wa zama zake, bali alichonga kwa mkono wake kielelezo cha nusu chombo kwa mbao za msonobari, kana kwamba chombo kimepasuliwa kwa urefu tangu omo mpaka tezi, akakilainisha hata jicho na kidole viridhike, kisha akakipima kwa ala maalumu na kuandika hesabu ambazo mafundi wa karakana walizifuata katika kutengeneza mataruma. Nduguye mkubwa, John Brown Herreshoff, aliyeasisi pamoja naye kampuni ya kuunda vyombo mwaka 1878, alikuwa kipofu tangu ujana wake, naye alikipapasa kielelezo kwa viganja vyake akalifahamu umbo na kulitolea rai. Basi ikiwa kitu kilichomwezesha kipofu kuijua yoti kabla haijaundwa kingaliko hata leo, kwani vielelezo hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Herreshoff huko huko Bristol, itakuwaje sisi wenye macho tukipite, tuende kutafuta tanga?

Kwa hiyo omba ruhusa ya kukipiga picha kielelezo kimoja, na mwanga uje kwa upande mmoja ili kivuli kilidhihirishe bonde na mwinuko wa mbao. Katika vyote mimi ningechagua kile cha Gloriana, yoti ya mwaka 1891, iliyoshinda mashindano yote manane iliyoingia mwaka ule, na ambayo omo lake, lililonyooka likishuka kuelekea mkuku pasipo lile goti la chini lililozoeleka, liliwashangaza watu na kubadili fikira za wasanifu waliofuata. Kilaze kielelezo hicho katika jalada zima: omo liwe mbele, sehemu pana ya tumbo ipite mgongoni mwa kitabu, na tezi iishie nyuma. Hivyo utakuwa umeitatua ile hitilafu ya kitabu kinachosimama na chombo kinacholala, na pale mbele, juu ya omo, utapata uwanda mtupu wa kuandikia jina.

Usichague kwa ukubwa. Reliance ilivunjwa mwaka 1913, na mwaka uliofuata mtu yule yule alisanifu chombo kidogo, hakifiki futi 16, kwa ajili ya watoto wa ghuba ya Buzzards Bay wajifunze kusafiri kwa tanga, na umbo hilo laundwa na kupendwa hata sasa. Picha ya Reliance ipe nafasi ndani ya kitabu, penye habari zake, na jina la aliyeipiga liandikwe, maana hiyo ni haki yake.

Nakuusia pia juu ya amana. Usiigeuze picha kulia kushoto ili tu iafiki mpango wako, kwa kuwa baharia ataitambua mara moja, na akishaona uwongo jaladani hatauamini ukurasa wa kwanza. Usipige picha ya mkono wa mtu mwingine juu ya kielelezo ili msomaji adhani ni mkono wa yule ndugu kipofu; jambo la kweli halihitaji kuigizwa. Nanga, kamba na usukani viache, havina hoja hapa. Herufi ziwe za kusomeka hata jalada likionekana dogo kama kucha katika simu, na jina la Herreshoff lisomeke mgongoni kwa mtu aliyesimama mbali na rafu, kwa sababu kitabu huishi miaka mingi kikionyesha mgongo, na uso wake huonekana siku chache tu.

Ukimaliza jalada, waonyeshe watu watatu: mwandishi, baharia mmoja, na mtu asiyejua lolote la bahari. Usiwaeleze neno, waulize tu kitabu hiki kinamhusu mtu aliyefanya kazi gani. Mmoja wao akikujibu kwamba kinamhusu mtu aliyesafiri, rudi mezani, mwanangu, wala usione uchovu. Lakini wote watatu wakisema kwamba kinamhusu mtu aliyebuni umbo la chombo, basi lipeleke matbaani siku hiyo hiyo.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Wabillahi tawfiki.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.