Rangi Ishikayo na Rangi Ichujayo

Kazi ya kutia batiki nyumbani yapendeza macho, nayo yaweza kumpatia mtu fedha za halali. Lakini uzuri wa siku ya kwanza si ushuhuda. Ushuhuda wa kweli ni siku ya kufua.

Jirani yetu mmoja, mjane alipaye karo ya watoto kwa kuuza vitambaa, aliuziwa unga wa rangi akaambiwa kwamba chumvi yatosha kuishika. Vazi aliloliuza likachafua mashati meupe ya mnunuzi, naye akadai fedha zake. Mama akatujia, akasema, "Mwalimu, chumvi nilitia tele, mbona yachuja?" Tukalichunguza jambo lile pamoja naye, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, yatupasa kuujua uzi. Tukichoma uzi wa pamba, huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa poliesta huyeyuka, ukaganda kama ushanga. Rangi tutakazozitaja hapa ni za pamba, poliesta haizipokei.

Pili, tuijue rangi. Nta huyeyuka katika maji ya moto. Kwa hiyo rangi itakayo kuchemshwa haifai batiki, ingawa yaweza kufaa kitambaa kilichofungwa kwa kamba tu. Rangi ziungamanazo na pamba katika maji yasiyo moto zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1956. Katika rangi hizo chumvi huisukuma rangi iuendee uzi, lakini kinachoziunganisha ni magadi soda. Chumvi ni mshenga. Magadi ndiyo ndoa. Kitambaa kilichokwisha kuchovywa hufunikwa, kikaachwa kibichi usiku kucha. Wala rangi iliyochanganywa na magadi haiwekwi kwa kesho, maana huungana na maji yenyewe, ikapoteza nguvu.

Iko na aina nyingine, jamaa ya nili ya zamani. Hii haiyeyuki majini mpaka itiwe kostiki soda na dawa iitwayo haidrosalfaiti. Humo hugeuka sura na kupenya katika uzi; kitambaa kikitolewa, hewa huirudishia sura yake, nayo hufungika humo ndani. Hushika sana, bali kostiki huunguza ngozi na macho, tena hula sufuria. Basi tutumie ndoo ya plastiki isiyorudi jikoni, tuvae mipira mikononi, na watoto wakae mbali. Soda itiwe katika maji. Kamwe maji yasimwagwe juu ya soda.

Mwisho, kitambaa kisuuzwe kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto na sabuni, hata maji yatakate. Rangi itokayo hapo mwanzo ni ile isiyopata mahali katika uzi, isitutie hofu. Lakini baada ya hapo tulaze kitambaa kibichi juu ya bafta nyeupe, tukipige pasi. Bafta ikipata doa, kitambaa kile kisiuzwe.

Mnunuzi huona maua. Kazi ya magadi haioni. Amemwachia fundi jambo hilo, na fundi akilipuuza, atakayelijua kwanza ni yule aliyekwisha kutoa fedha yake.