Tangi Langu na Kisima cha Isaka



Hapa Bute, kila asubuhi ni habari ya maji. Unakumbuka ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha?

Leo natubu mbele yako. Wakati ule tangi langu lilikuwa nusu. Mama jirani, si wa kanisa letu, akabisha hodi na mtungi wa lita 20, mtoto mgongoni. Nikamwambia yameisha.

Jioni nikafungua Mwanzo 26 kuandaa mahubiri. Watu wa Gerari waligombania visima vya Isaka: Eseki, kisha Sitna. Yeye hakupigana. Alisogea akachimba tena, hadi Rehobothi, mahali penye nafasi. Ningehubirije Rehobothi nami nyumbani nimejenga Sitna?

Nikabeba mitungi miwili hadi kwake, nikamwambia ukweli. Alinyamaza. Kisha akachota maji yale yale, akanipikia chai.

Mpendwa, kabla hujaomba mvua leo, fungua mlango. Nani amesimama hapo na mtungi mtupu?

Kama neno hili ni lako, sema AMINA. Ubarikiwe.