Kompyuta Inajifunza, Lakini Inamsikiliza Nani?

Wenzangu, kuna maneno nasikia sana hapa Makindye, hata kwenye mikutano yetu: "Achana na ufundi, magari ya sasa yanajirekebisha yenyewe." Niko garage ya Katwe mwaka wa pili, chini ya yaya mmoja wa Bukavu, na hiyo kazi njo inalipa chumba chetu. Basi acha niwaambie habari ya gari moja.

Ni Land Cruiser FJ60 ya miaka ya 1980, injini 2F ya petroli, silinda sita, lita 4.2. Ilitoka kiwandani na kabureta. Mwenyewe, mzee mmoja anayependa vitu vya zamani, alitumiwa kutoka ng'ambo mashine ya kushika nafasi ya kabureta: injekta, kompyuta, kiskrini kidogo, na sensa moja ya kufunga kwenye ekzosi. Waliomuuzia walisema inajipima yenyewe. Garage ingine wakaifunga, gari ikawaka, wakachukua pesa yao. Wiki mbili tu, moshi mweusi, na mafuta inakunywa kama mlevi siku ya mshahara. Alipotuletea alituambia kwa Luganda tusiguse kompyuta, inajua kazi yake. Malipo? Moshi ukiisha.

Sasa, kompyuta inajua nini? Moto wa ndani ya silinda haiuoni. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Petroli kilo moja inataka hewa kilo 14.7 hivi ili iungue vizuri. Oksijeni ikizidi, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo, inaongeza. Ikipungua, inapunguza, halafu inaandika marekebisho kwenye jedwali lake. Huko ndiko kujifunza kwenyewe. Ni kitu kizuri, sikatai. Kabureta iliyopimwa Kampala, mita 1,200 hivi, ukiipandisha Kabale inazidisha mafuta kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi. Hii inajisahihisha njiani.

Lakini inaamini sensa kabisa. Yaya hakugusa skrini. Alinituma nizibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, injini ingali baridi, yeye akapaka maji ya sabuni pale ekzosi inapoungana na manifoldi. Mapovu yakatoka. Gasketi ilikuwa imeungua upande mmoja. Pale moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo, hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa inakuta oksijeni, inasema mafuta hayatoshi. Kompyuta inaongeza. Plagi (kwetu tunasema buji) zinalowa na kuwa nyeusi, silinda moja inakosa kuwaka, hewa yake inatoka nzima nzima bila kuungua, sensa inaona oksijeni zaidi, kompyuta inaongeza tena! Oili ilikuwa inanuka petroli. Ingeendelea mwezi mmoja hivi, injini ya yule mzee ingekufa, na ni sisi wakimbizi tungeambiwa tumeiua.

Tukabadilisha gasketi, plagi na oili, waya wa hasi wa kompyuta tukaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Halafu tukafuta jedwali lote. Ukiliacha, gari inaanza na uongo wa zamani.

(Bahati yetu petroli yenye risasi iliisha, maana risasi inaua hiyo sensa. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuiuza, mpaka 2021.)

Tena kwenye hii gari kompyuta inaongoza mafuta peke yake. Saa ya kupiga cheche bado iko kwenye distribyuta, ambayo yaya anaigeuza kwa mkono huku anaangalia alama kwa taa. Ikikaa vibaya, injini inapata joto na kukosa nguvu, na kiskrini kitaendelea kuonyesha namba nzuri.

Mzee alilipa nusu. Moshi umeisha, ila anasema asubuhi gari inasumbua kuwaka. Ni kweli: sensa ikiwa bado baridi haisomi kitu, kompyuta inatumia namba zilizowekwa na mtu, na hizo haijifunzi. Kesho saa kumi na mbili, injini ikiwa imelala usiku mzima, niko kwake. Naongeza kidogo, nawasha, nasikiliza. Ikikataa, tunangoja ipoe, narudi kesho kutwa. Nusu yetu ingine iko pale.